Mimi Sipo Tu

Wifi yangu alipiga simu saa mbili na robo asubuhi. Fundi wa jipsamu alikuwa njiani kwenda kwake Ilazo, hapa Dodoma, yeye keshafika ofisini Mtumba, mumewe yuko safarini, watoto wako shule. "Wifi yangu, nisaidie ukakae pale mpaka amalize. Wewe si upo tu?"

Nilikuwa kwenye meza ya chakula nasubiri laptopu yangu iwake. Dakika 11 zilikuwa zimepita na kile kiduara bado kinazunguka. Nikaizima, nikajifunga kitenge, nikapanda bajaji. Nilikaa Ilazo mpaka saa kumi jioni nikiangalia vumbi jeupe likishukia makochi yaliyofunikwa mashuka. Fundi alilipwa ujira wake. Mimi nililetewa soda ya baridi, nikapewa asante nyingi, na nikadokezwa kwamba Jumamosi anakuja fundi bomba.

Nauli ya bajaji ilikuwa yangu.

Wifi namtaja kwa sababu najua atasoma, na kwa sababu si yeye peke yake. "Upo?" ni salamu. "Upo tu?" ni kukadiriwa, na mwaka huu nimekadiriwa na ukoo mzima, kikundi cha vikoba, kamati mbili za harusi na mama mmoja wa kwaya ambaye mpaka leo simjui jina.

Mpaka Januari 2025 nilikuwa afisa takwimu wa mradi wa UKIMWI. Kwa miaka 8 nimezunguka Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, kituo kwa kituo, nikilinganisha kadi za wagonjwa, CTC2, zilizoko kabatini na namba zilizoko kwenye kompyuta, kisha vitabu vya kumbukumbu za kituo, MTUHA, na ripoti ya mwezi. Kadi ikisema mgonjwa alikuja tarehe 3, na kompyuta ikisema hajaonekana tangu Novemba, kazi yangu ilikuwa kujua nani muongo. Mara nyingi hakuwa mtu. Umeme ulikatika, karani akasema ataingiza kesho, kesho ikaja na foleni yake.

Fedha zilitoka Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 rais wao alitia saini agizo la kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90. Ijumaa ya tarehe 24 amri za kusimamisha kazi zikaanza kushuka, na Jumatatu sisi tukaambiwa tusiguse kitu. Tarehe 10 Machi waziri wao wa mambo ya nje akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za shirika lao la misaada, USAID, zimefutwa. Julai 1 shirika lenyewe, lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, likaacha rasmi kuendesha misaada. Sina ugomvi na mtu juu ya fedha yake. Aliyekuwa anatoa ameacha kutoa. Nilirudisha laptopu ya ofisi, chaja, modemu na kitambulisho, nikasaini kwamba nimevirudisha, na kibarua kikaota nyasi. Kiinua mgongo kwa sheria yetu ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10, kwa hiyo miaka yangu 8 ilizaa siku 56. Kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nikapata fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Miezi hiyo imekwisha.

Siku ile ile aliachishwa dereva wetu. Yeye siku hizi utamkuta kijiweni upande wa soko la Majengo, drafti mbele yake, kahawa pembeni. Wanaopita wanamwambia, "Mzee, unahangaikaje?" Anajibu anatafuta, nao wanaitikia kwa heshima, kwamba mwanamume yuko kwenye mapambano. Mimi wananiambia, "Afadhali umepumzika, shemeji, ulikuwa unazunguka mno." Mwanamume akikosa kazi anatafuta. Mwanamke akikosa kazi amerudi nyumbani, kana kwamba muda wote huo alikuwa ametoroka.

Nami natafuta. Ila kutafuta kazi siku hizi hakufanani na vile baba yangu alivyotafuta alipopunguzwa kwenye shirika moja la umma miaka ya 1990, zama za ridandansi. Baba alivaa shati la mikono mirefu, akabeba bahasha ya kaki, akaenda kusubiri kwenye mabenchi. Mtu akimwona na bahasha hakumtuma dukani. Mimi bahasha yangu iko ndani ya kompyuta. Sekretarieti ya Ajira ya serikali ipo hapa hapa Dodoma, kwenye majengo ya Chuo Kikuu. Naweza kufika kwa daladala, lakini maombi yangu lazima yapite hewani, na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na vyeti vilivyogongwa muhuri na wakili, vilivyoskaniwa vikawa PDF. Mashirika binafsi nayo yanataka faili moja tu, lisizidi uzito fulani, litumwe kwa barua pepe. Kwa anayenitazama mlangoni, mimi ni mama aliyekaa anabonyeza kompyuta. Kwenye macho ya mama mkwe wangu kubonyeza kompyuta na kuangalia tamthilia ni kitu kimoja, na simlaumu, kioo ni kile kile.

Sasa niieleze hiyo kompyuta.

Niliinunua mwaka 2017, mtumba, na chini yake bado kuna stika ya namba ya mali ya shule fulani ya Ulaya. Miaka yote ilikuwa ya watoto kuangalia katuni, kwa sababu mimi nilikuwa na ya ofisi. Nilipoirithi rasmi Februari ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, ikifika dakika ya 20 inazima bila kuaga. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakuigeuza hata chini. Aliiwasha, akaitazama inavyojivuta, akasema, "Mama, hapa tunapiga windo, inakuwa mpya." Elfu 15.

Ndugu msomaji, kama una laptopu na hujawahi kuambiwa ipigwe windo, yaani iwekewe Windows upya, siku yako inakuja. Inazima? Piga windo. Sauti haitoki? Piga windo. Nadhani ukimpelekea pasi ya umeme ataipiga windo. Kijana yule hakuniuliza kama nina vitu ndani, nami nilikuwa bado mgeni wa balaa, sikujua kwamba natakiwa kuulizwa. Jioni nilikabidhiwa mashine safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Vyeti vyangu vyote nilivyokuwa nimeviskani, barua za wadhamini, ripoti zangu za mafunzo, picha za mazishi ya baba: hakuna. Na dakika ya 20 ikazima.

Wiki hiyo hiyo Mamlaka ya Mapato, TRA, walikuwa wametangaza nafasi za kazi 1,596. Mpwa wangu, amemaliza chuo miaka miwili iliyopita, alikuja nimsaidie kutuma. "Mama mdogo si upo na kompyuta?" Tukaishia steshenari, tumebanana kwenye benchi na vijana wengine, kila mmoja na flashi yake mkononi kama tiketi. Baadaye tulisikia waliotuma maombi ni 135,027. Gawanya mwenyewe: watu karibu 85 kwa kiti kimoja. Kilichonishtua zaidi pale steshenari ni ile kompyuta yao. Juu ya kioo kulikuwa na mafaili ya watu yamezagaa, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, na daftari la kaunta ambamo dada wa dukani anawaandikia wateja nywila zao wasije wakasahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, na tume yake ina ofisi mji huu huu. Mimi niliyekula kiapo cha kutotaja namba ya mgonjwa hata kwa mume wangu nilijikuta nasoma alama za kidato cha nne za watu nisiowajua. Asiyekuwa na mashine yake hana pa kuficha hata cheti chake.

Fundi wa pili ni binti. Ana kibanda ubavuni mwa steshenari hiyo hiyo, na bisibisi ndogo kama za kutengenezea miwani. Alifungua mfuniko wa chini, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Dada, hii umelima nayo?"

Wenyeji mtanielewa. Vumbi letu halingoji dirisha liwe wazi. Kuanzia Juni upepo unakuja na uwanda mzima mgongoni, na ile feni ndani ya laptopu kazi yake ni kuvuta hewa. Inavuta na Dodoma. Kati ya feni na vile vibati vya kupozea moto kulikuwa na utando mwekundu, vumbi na nywele na nyuzi za zulia, umeshikana mpaka binti akautoa kwa kibanio kama kitambaa. Ile grisi inayokaa juu ya prosesa ilikuwa imekauka ikawa chaki. Mashine ilikuwa haipumui. Inachemka, inajizima isije ikaungua. Hilo ndilo lilikuwa jibu la dakika 20, na windo haikuhusika hata kidogo. Akaweka sikio kwenye diski. "Na hii inalia." Nikaweka langu. Ilikuwa inagonga kama mjusi ukutani. Diski ile inakufa, akasema, kabla haijafa tujaribu kutoa vilivyomo.

Nikamwambia vilishafutwa. Akacheka, akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua kwa kazi niliyoifanya. Ukipiga windo, kompyuta haichomi kadi zilizoko kabatini. Inachana daftari la orodha. Kadi zinabaki palepale, ila hakuna anayejua ipi iko wapi, na kompyuta inaliona kabati kuwa tupu, kwa hiyo mambo mapya yakija yanaandikwa juu ya ya zamani. Windo mpya ilishaandika juu ya baadhi. Zilizobaki zingeweza kusomwa moja moja, bila orodha.

Programu yake ilisoma diski ile siku mbili mfululizo, usiku akiiacha ikisoma na feni ya mezani ikiipulizia. Akanifungia diski mpya, zile zisizo na kisahani kinachozunguka, na laptopu ikawaka kwa sekunde ambazo sikuwahi kuamini ni za kwangu. Ndani yake kulikuwa na mafaili 6,213, na hakuna hata moja lenye jina. f0048816, f0048824, f0049360, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nusu ya picha zimekatika katikati, juu sura ya shangazi, chini kijivu.

Hapa nakiri jambo ambalo mume wangu alilijua kabla yangu. Kuyapa majina mafaili yale kulinikolea kuliko chochote nilichofanya mwaka huu. Kila usiku nafungua moja, naangalia, nalinganisha na tarehe, na mavazi, na nani amesimama karibu na nani, naandika jina. Ilikuwa kazi yangu ile ile ya Kongwa na Mpwapwa, na hakuna aliyekuwa ananijibu kwamba maombi yako hayakufanikiwa. Nilikuwa bize kwelikweli. Matangazo mawili ya kazi yalifika tarehe ya mwisho nikiwa naamua kama harusi kwenye picha ni ya Mvumi au ya Hombolo. Kwa hiyo nisijifanye malaika: mtu aliyepoteza kazi anaweza kujificha kwenye kompyuta mbovu kama wengine wanavyojificha kwenye drafti.

Lakini nilitaka kujua kiasi gani ni kujificha na kiasi gani ni kutumwa. Kwenye mradi tulikuwa tunajaza taimshiti kila mwezi, saa kwa saa, na asiyejaza halipwi. Mwezi Juni nikajitengenezea taimshiti ya nyumbani ya siku 14. Safu ya shughuli za nyumba yangu niliifuta siku ya kwanza, maana kuanzia uji wa alfajiri mpaka kufunga geti ingemeza karatasi yote. Nikabakiza tatu: kutafuta kazi, kompyuta, na watu.

Kutafuta kazi, saa 9. Kompyuta, saa 17. Watu, saa 43.

Saa 43 ni karibu wiki nzima ya ofisi. Ndani yake kuna msiba wa Nkuhungu, siku mbili, na huo siudai. Lakini nao nilipewa kaunta ya michango "kwa sababu una laptopu", nikachapa majina mpaka usiku. Kuna asubuhi tatu za kumsindikiza mama mkwe kwenye foleni ya macho. Kuna daftari la vikoba lililohamishwa lote kwenye kompyuta. Kuna kusubiri mafundi wa watu. Na kuna kadi 140 za mchango wa harusi, kila moja na jina la mwalikwa, ambazo mwenyekiti wa kamati alinitumia majina yake kwa ujumbe wa sauti wa dakika 22, anakohoa katikati.

Nilipoziangalia zile saa nilikumbuka utafiti mmoja niliousoma nikichukua shahada ya sosholojia, nikaufaulia mtihani bila kuuelewa. Ni wa kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna, Austria. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kinalisha kijiji kizima kilifungwa kuelekea 1930, na watafiti vijana wakaenda kuchunguza maisha ya watu walioachwa. Mmoja wao, Marie Jahoda, alikuwa na miaka ishirini na kitu. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Nao waliwapa watu karatasi za kujaza saa. Tena walisimama mahali na saa mkononi wakapima watu wanavyotembea barabarani. Wanaume walikuwa wanajikokota, wanasimama kila baada ya hatua chache, wengi hawavai tena hata saa. Wanawake walikuwa wanatembea haraka. Nguo zinasubiri, watoto wanasubiri, jiko linasubiri. Mshahara wao ulikufa, kazi yao ikabaki hai. Wengi wao walisema wangerudi kiwandani kesho, na si kwa fedha peke yake.

Jambo la pili nililolikumbuka ni la maktaba. Wakati watu walipopata muda wote wa dunia, vitabu vilivyoazimwa kijijini vilipungua. Nilicheka peke yangu. Nina riwaya nne nilizozinunua nikisema nitazisoma siku nikipata nafasi. Zina vumbi.

Sisi nchi yetu imekuwa na shida ya muda mrefu na mtu asiyeonekana anafanya nini. Mwaka 1983 tulitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na mjini ukikamatwa bila kitambulisho cha kazi ulikuwa mzururaji, unapakiwa kwenda kulima. Wafanyabiashara wadogo waliokuwa wanalisha familia walijikuta kwenye kundi hilo hilo. Leo hatupakii tena watu namna ile. Takwimu zetu zimekuwa karimu, mpaka zimepitiliza: kwa kanuni ya kimataifa, aliyefanya hata saa 1 ya kazi ya malipo ndani ya wiki anahesabiwa ana ajira. Wiki ile jirani aliponipa elfu 2 nimchapie barua ya kwenda serikali ya mtaa, mimi nilikuwa mwajiriwa. Wiki niliyochapa kadi 140 bure sikuwa.

Najua jibu litakalokuja. Undugu je? Utu je? Hizi ndizo tabia za mjini, mtu anahesabu saa kwa ndugu zake.

Jibu nimelipata kwa mama mkwe huyo huyo wa foleni ya macho. Ni Mgogo wa Mvumi, ukimsalimia "mbukwa" bila kupiga goti kidogo anakujibu huku anatazama pembeni. Nilikuwa nalalamika jikoni, nikidhani hasikii. Akaniambia kwao mtu akizidiwa na palizi anaalika watu shambani, kijiji kizima kinakuja na majembe. Lakini hakuna anayealika koo kavu. Unapika pombe kwanza, watu wakitoka shambani wanakunywa wanacheza. Na aliyekuja kwako leo, siku yake ikifika, wewe hutumi salamu, unakwenda na jembe. Asiyekwenda, akasema, mwaka wa pili analima na mkewe. Wazee hao hawakuwa na taimshiti, na walihesabu vizuri kuliko mimi.

Basi ndugu zangu wa Dodoma, nyie mliohamia na wizara na sisi mliotukuta, naomba tuhesabu. Mtu aliyeachishwa kazi ana saa zake. Muulize "una nafasi saa ngapi?" kabla hujamwambia upo tu. Kama ungemlipa mtu mwingine kwa kazi hiyo, mlipe na yeye. Kama huna, mpe bando, mpelekee mtoto shule siku ana usaili, kaa umsubirie fundi wake. Nasema hivi hata kwa viongozi wetu, ambao kila wakisimama mbele ya vijana wanasema jiajirini. Nimejaribu kujiajiri. Duka la kuchapa nimelifungua kwenye meza yangu ya chakula, na wateja wa kwanza wote walikuwa ndugu, wote wa bure. Na viongozi hao wakitafuta la kufanya, watuwekee kila kata chumba chenye umeme, kompyuta nne na mtu anayejua kufuta mafaili ya mteja akiondoka, ili kijana wa flashi asiache nywila yake kaunta.

Mengine siwezi kuyarekebisha kwa kalamu. Matangazo mengi ya ajira serikalini yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Mimi nina 46. Microsoft nao walikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na binti fundi ameangalia prosesa yangu, akatikisa kichwa: Windows 11 haiitaki, ni ya kizazi cha zamani. Nikamwambia tuko wawili. Anasema atanifungia Linux, na kwamba hata bila hiyo mashine bado ina miaka. Hakusema ni mashine gani.

Tena ikatokea hili. Mwezi uliopita mtoto wangu wa mwisho alimwaga uji wa ulezi juu ya kibodi, uji wenye sukari, na ulipokauka herufi moja ikagoma. Katika zote 26 ikagoma A. Jaribu kuandika "nataka kazi" bila hiyo uone kilichobaki. Nywila yangu ina A tatu. Binti akanionyesha kibodi inayotokea kwenye kioo, ndiyo niliyofungulia, lakini kuandika kwa kudonoa na kipanya ni mateso, kwa hiyo nimenakili A moja, kila nikiifikia naibandika kwa vidole viwili. Makala hii yote imeandikwa hivyo. Kibodi nyingine imeagizwa Kariakoo, elfu 35, inakuja na basi.

Jumanne kamati ya harusi ya pili ilinipigia. Kadi 160, zinatakiwa Ijumaa. Nikamwambia mwenyekiti, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni, kwamba kuchapa ni elfu 40, nusu kabla. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Kwani siku hizi umepata kazi?"

Nikamwambia ndiyo.

Wametuma elfu 10. Iliyobaki, amesema, nitapewa ukumbini.